Mkataba wa Timu na Matanga Yangu

Siku ya kumzika mume wangu, mtu aliyelia kuliko wote hakuwa mimi wala mama yake. Alikuwa msichana wa timu yetu ya mpira wa kikapu, yule anayepandisha mpira. Alilia mpaka shangazi mmoja wa mume wangu, aliyekuwa amesafiri kutoka mbali na hakutujua vizuri, akamshika mabega na kumwambia ajikaze kwa ajili ya watoto. Watoto walikuwa wangu. Walikuwa wamesimama kando yangu wakiangalia udongo.

Mimi sikulia. Machozi yangu hukaa mahali nisipopajua, na hutoka siku ambayo hakuna mtu. Lakini pale shambani kwa wakwe zangu, upande wa Ngoliba, nikiwa na kitambaa cheusi kichwani na viatu vya kuazima, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Niliona kwamba hata kilio changu amekichukua.

Wivu huo haukuzaliwa kaburini. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Gitothua, Ruiru, milango na madirisha na vitanda vya watoto wa bweni. Jumamosi alifunga karakana mapema akaja Thika kutuangalia tukicheza. Miaka ya kwanza alikuwa akinipigia kelele mimi. Kisha yule msichana akaja kutoka upande wa Busia, moja kwa moja kutoka shule, na mume wangu akaanza kurudi nyumbani na maneno mapya. Akiwa ananawa mikono alisema, "Huyo msichana anaona mlango kabla haujafunguliwa."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Wewe ndio ukuta."

Alikuwa ananisifu. Mimi hucheza katikati, chini ya ringi, na kazi yangu ni kusimama mahali na kutopitika. Fundi anajua ukuta ni nini. Lakini sijawahi kusikia mtu akirudi nyumbani na furaha kwa sababu ameona ukuta, na usiku huo nilimpakulia chakula nikaenda kulala kabla hajamaliza.

Timu yetu ilikuwa ya kiwanda cha nyuzi. Kwa watu wasiojua mambo ya timu za namna hiyo, hivi ndivyo tulivyolipwa: asubuhi tulisimama kwenye mashine za kukunja nyuzi kama vibarua wengine, mchana tukaachiliwa kwenda uwanjani, na saa za mazoezi zikahesabiwa kama saa za kazi. Siku ya mechi kulikuwa na posho kidogo ya soda na nauli. Kila baada ya miezi michache barua ya kibarua iliandikwa upya, na ukiumia mguu, barua ilichelewa mpaka ukaelewa. Hakuna aliyetufukuza kamwe. Tuliisha tu, mmoja mmoja.

Kisha akaja mkurugenzi aliyependa mchezo. Alitaka timu ya kulipwa, wachezaji watoke kwenye mashine kabisa, wacheze tu, wapewe mkataba wa mshahara wa kila mwezi. Alisema tuketi na ofisi tukubaliane. Sisi hatukuwa na wakala wala wakili. Tulikuwa na nahodha, na nahodha alikuwa mimi.

Nilifanya kazi hiyo vizuri, hilo nitalisema. Nilimaliza darasa la nane na kidato cha pili sikukimaliza, lakini watu huniambia mambo yao. Nilipita kwa kila mchezaji kwenye mashine yake, kelele ikiwa nyingi kiasi kwamba hakuna wa kutusikia, nikamuuliza anataka nini kweli. Mmoja alitaka akishika mimba asipoteze nafasi yake. Mwingine alitaka mshahara uje tarehe moja, usiwe wa kungoja. Wengi walitaka bima ya hospitali. Na mimi nilitaka kitu kimoja, nacho sikukificha: mchezaji aliyetumikia timu kwa muda mrefu, siku akishindwa kucheza, arudishwe kiwandani kama mfanyakazi wa kudumu, si kibarua. Goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuongea kila asubuhi. Nilikuwa nikitoka kwenye mashine kwa mkataba wa kucheza, na mchezo ukiisha sitakuwa na mashine wala mchezo. Nilitaka mlango wa kurudia uandikwe.

Ndipo mume wangu akaugua ini. Alilala hospitali majuma kadhaa, akawa wa manjano, akawa mwembamba, akafa. Tulimtoa hospitalini na kumzika kwa mchango wa watu, timu ikiwa mbele.

Baada ya mazishi timu yote ilikuja nyumbani kwangu na unga, sukari na majani chai, kama inavyofanywa. Waliosha vyombo vyangu, wakapika chai jikoni mwangu, wakanipa kikombe kama mgeni. Kwetu mfiwa haguswi na mambo. Hapangi, hapiki, haulizwi sufuria iko wapi. Anakaa. Mwenzangu wa umri mmoja, anayeishi Mwiki, ambaye tulianza naye timu, alifunga kikao kwa maombi. Aliposema amina, kabla hatujafumbua macho vizuri, akaongeza kama sehemu ya maombi hayo hayo kwamba nahodha apumzike, na yale maneno ya ofisi apewe huyu mdogo, kwa kuwa amesoma na hana woga.

Wote wakaitikia mmm. Msichana akainamisha kichwa. Hakuna aliyeniangalia kuona kama nimekubali, kwa sababu kumwangalia mfiwa hivyo ni kumsumbua. Nami nilinyamaza, kwa sababu mfiwa akianza kudai mambo ya mshahara siku za matanga, watu watasema nini? Walifanya hivyo kwa upendo. Nimeligeuza jambo hili pande zote na sijapata ubaya wowote ndani yake. Ndiyo maana liliniuma bila mahali pa kushika.

Niliporudi mazoezini walinitoa hata kwenye zamu ya kubeba mipira. Nikifika walipokaa, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua au ya kanisa. Nilijua wanaongea habari za mkataba. Niliona msichana akienda ofisini na sketi iliyopigwa pasi, akirudi na uso wa mtu aliye na jambo. Siku nyingine akielekea kwake Mwihoko alishuka Ruiru na kupita kwangu na mkate na maziwa. Aliosha vikombe, akacheza na watoto, akawafundisha kuzungusha mpira kwa kidole, akaondoka. Hakusema neno la ofisi. Nami sikuuliza. Nilikaa kwenye kiti changu nikiangalia jinsi watoto wangu wanavyomcheka, nikajiambia huyu amepewa mikono ya kila kitu.

Siku ya mwisho ya mazungumzo tuliitwa wote tusikie. Kilikuwa chumba cha mikutano cha kiwanda, na kelele za mashine zilisikika chini ya sakafu. Waliniwekea kiti chenye mito, kando ya ukuta, na chai. Wengine walikaa mezani. Meneja wa wafanyakazi alikuwa mwanamume mpole mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati anapotaka kukataa jambo.

Msichana aliongea. Nataka kuandika kwamba aliongea vibaya, lakini hakuongea vibaya. Alianza kwa Kiingereza, akahamia Kiswahili alipotaka sisi tusikie. Alikuwa na njia moja iliyonishangaza: akishasema anachotaka, ananyamaza. Meneja anakunja shati, anaeleza hali ya kiwanda, bei ya pamba, umeme. Yeye anangoja tu, anamwangalia kwa heshima, mpaka kimya kinakuwa kizito na meneja mwenyewe anaongeza kidogo ili kukitoa. Mimi ningeongea sana. Ningejibu kila neno. Nililijua hilo nikiwa na kikombe mkononi, na nilimwonea wivu hata kimya chake.

Mimba walikubaliana. Tarehe ya mshahara walikubaliana. Mshahara wenyewe ulipanda kidogo kuliko tulivyotarajia. Kisha yakabaki mawili, na meneja akakunja shati mpaka kwenye viwiko.

"Haya mawili siwezi kuyabeba yote," akasema. "Matibabu na mazishi ya familia, ama kazi ya kudumu baada ya kucheza. Nipeni moja nipeleke juu."

Msichana akageuka, akaniangalia, na macho yake yakajaa. Nilijua analosema kabla hajalisema, na sikuweza kulizuia.

"Ya familia," akasema. "Kepteni wetu amezika bwana yake kwa mchango. Tulizunguka na bakuli kila kona. Hatutaki mtu wa hii timu azungushe bakuli tena."

Wenzangu wakapiga makofi polepole, kama ya kanisani. Mmoja akanigusa goti, lile bovu. Meneja akashika kalamu. Na mimi nikaona jinsi kifo cha mume wangu kinavyotumiwa kulipia kitu ambacho si changu, na anayelipa ni yule msichana, kwa machozi yaleyale ya Ngoliba.

Niliweka kikombe chini. "Hakuna aliyeniuliza," nikasema.

Msichana akafuta macho. "Tuliogopa kukusumbua, kepteni. Uko na matanga."

"Nimefiwa na bwana. Sikufiwa na mdomo."

Mtu mmoja alicheka kidogo kisha akajutia. Meneja, ambaye hakuwa mjinga, alisema afadhali tutoke nje tuongee kidogo, yeye atangoja.

Tulisimama kwenye ushoroba, kati ya marobota ya nyuzi. Msichana alisema alifikiri ndiyo ningetaka kuliko kitu kingine, kwa kuwa alikuwa ameniona pale hospitalini nikingoja kwenye dirisha la malipo. Alisema alikuwa ameipigania hiyo kwa ajili yangu, na ile ya kazi aliiacha iwe ya mwisho kwa sababu alifikiri moyo wangu sasa hauko kwenye kazi.

Nilimwambia, "Yeye ameshazikwa. Mimi ndiye bado nakula."

Lilikuwa neno gumu na nililiona likimwingia. Lakini lilikuwa kweli, na sikulirudisha.

Mwenzangu wa Mwiki akaingilia. Yeye alikuwa na haki ya kuwa upande wangu kuliko wote, maana kazi ya kudumu ingetufaa yeye na mimi tu kwa siku za karibu. Lakini mama yake alikuwa Kakamega akisafishwa damu kwa mashine kila juma, na kila mtu alilijua hilo.

"Dada yangu," akasema, "wewe na mimi tuko wawili. Hawa wote wako na mama. Na hata wakikupa hiyo mashine, hilo goti litasimama shifti nzima? Wewe huwezi hata kusimama kwa wimbo wa taifa bila kuegemea mtu."

Wakacheka, na mimi karibu nicheke, kwa maana alikuwa amenishika mahali pa kweli. Wakaamua kuinua mikono. Mikono ya familia ilikuwa mingi. Wa Mwiki aliinua wake akiangalia marobota. Kisha wakauliza nani anataka kazi baada ya mchezo. Niliinua wangu. Mkono mwingine uliopanda ulikuwa wa msichana.

Uliniuma kuliko kama angenipinga. Yeye alikuwa na miguu mizima, kidato cha nne kizuri, na makocha wa timu za nje walikuwa wameanza kumuuliza. Angeweza kupoteza jambo lolote kati ya yale mawili asihisi. Mimi nilikuwa nikiinua mkono kwa ajili ya maisha yangu, naye anainua wa kunifariji, na mikono yetu ilionekana sawa.

"Sasa kepteni aongee," akasema. "Mimi sirudi kuongea."

Basi niliingia kuwaombea kitu kilichonishinda. Niliketi mezani, si kwenye kiti cha mito. Nikamwambia meneja timu imechagua ya familia. Akashukuru, akashika kalamu, akaanza kusoma ni nani watakaohesabiwa: mume, watoto, baba na mama wa mchezaji.

"Na mama mkwe," nikasema.

Akaniangalia. Alikuwa mtu wa adabu, akatafuta namna ya kulisema. "Mama wa bwana ambaye..."

"Ambaye amekufa, ndiyo. Mama yake hajafa."

Alikunja shati. Akaeleza kwamba kwa sheria za bima uhusiano ule hauko wazi, kwamba wakikubali kwangu watakubali kwa kila mtu, kwamba wengine wataleta na mama mkwe wa jirani. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Mama mkwe wangu ana presha na sukari, mtoto aliyekuwa akimnunulia dawa ndiye tuliyemzika, na ni nani atakayenunua sasa kama si mimi. Nilitaka kuyasema yote. Lakini nilikuwa nimemwangalia yule msichana asubuhi nzima. Nikanyamaza. Nikamwangalia kwa heshima, nikangoja, mashine zikinguruma chini ya miguu yetu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kucheza. Mwishowe akashusha mkono mmoja wa shati, akasema ataandika "wazazi wa ndoa" na tusimwambie mtu ameandika mwenyewe.

Nikatia sahihi nikiwa wa kwanza, kama nahodha. Siku iliyofuata kiwanda kilituweka kwenye ukurasa wao wa mtandao. Msichana ndiye aliyekuwa akishikana mkono na mkurugenzi, meno yote nje. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, nusu ya uso imekatwa. Dada yangu alinitumia ile picha akaniandikia hongera, na akauliza yule mrembo wa katikati ni nani.

Kuna jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliwaza vizuri tulipoinua mikono. Bima ni ya mchezaji, na mchezaji ni yule aliye na mkataba wa mwaka huo. Ukiacha kucheza, kadi inazima. Kwa hiyo sasa nacheza. Nafunga goti kwa bendeji ya mpira, napaka dawa ya farasi ya kuchua ambayo wenzangu wanailalamikia harufu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na nasimama chini ya ringi nisipitike. Wasichana wa timu nyingine wananiita cucu, yaani bibi. Mmoja aliniuliza katikati ya mechi kama nimekuja na wajukuu. Nilimpiga kiwiko ambacho refa hakukiona.

Kila mwezi mama mkwe wangu huja Thika kuona daktari. Hufunga kitambaa chake kizuri na kukaa kwenye benchi la kliniki akiwa ameshika ile kadi kama barua ya mfalme. Huwaambia wanaokaa karibu kwamba mke wa mwanawe ni mchezaji. Hasemi marehemu mwanawe. Husema mwanawe, kana kwamba yuko karakana na atakuja kumchukua. Hapo huwa naangalia ukuta wa kliniki mpaka anyamaze.

Msichana aliondoka msimu ule ule ulipoisha. Timu ya nchi nyingine ilimchukua, na nilisikia mshahara wake mpya kutoka kwa watu ambao hawakuweza kuutaja bila kushusha sauti. Tulimfanyia karamu ndogo ya nyama na ugali. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akalia tena. Mimi nikampigapiga mgongo nikihesabu viti vya kurudisha. Magoti yake, alipoinama kuchukua begi, hayakutoa sauti yoyote.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilikuwa naanika nguo za watoto simu ikalia. Alikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa na baridi ya mahali alipo. Aliniuliza habari za goti, za watoto, za cucu wa Ngoliba. Kisha akanyamaza, na nikajua hicho si kile kimya chake cha ofisini. Kilikuwa cha mtu asiyejua aanzie wapi.

Alisema wanamlipa vizuri. Alisema mama yake Busia amepatikana na uvimbe tumboni, na mkataba wake hauna kitu cha familia, hata neno moja. Wakati wa kusaini aliona mshahara tu. Sasa wanataka kumwongezea mwaka mwingine na wamemwita wiki hii.

"Kepteni," akasema, "ulimwambia nini yule meneja, ile siku ya mama mkwe? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Nilisikia lakini sikushika."

Nilikuwa na shati la mtoto mkononi, linanitonea maji miguuni. Ningeweza kusema sikumbuki. Hakuna ambaye angenilaumu, matanga husahaulisha mtu mambo. Nilisimama pale nikiupima uongo huo, na ulikuwa mwepesi na wa kunitosha.

Nikamwambia. Nilimwambia asianze na ugonjwa, aanze na mtu. Amtaje mama yake kama mama, si kama mgonjwa. Nilimwambia wakishaanza kusoma majina ya watakaohesabiwa ndipo aseme, si kabla, kwa sababu wakati huo kalamu iko tayari mkononi. Nilimwambia asijibu sheria za bima. Nikamwambia akishasema, anyamaze.

"Hiyo ya kunyamaza naijua," akasema, na akacheka kidogo huku akilia.

"Najua unaijua."

Akayarudia yote ili nimsikie kama ameshika. Yalipotoka kinywani mwake yalikuwa maneno yangu, mpangilio wangu, mama mkwe wangu akiwa amegeuka mama yake. Lakini yalikuwa mazuri zaidi. Alikuwa ameyapunguza, ameyapa pumzi mahali mimi nilipokimbia. Nikamwambia ni sawa kabisa, Mungu amsaidie, anipigie wakishamaliza. Kisha nikamaliza kuanika, nikiomba kwa moyo wote mama yake apate hiyo bima, na nikimwonea wivu, kwa kuwa nilijua atakwenda kuyasema vizuri kuliko nilivyoyasema mimi.